Fundi wa Miryango

Kibao chake kilikuwa na kosa la herufi mbili, na kosa hilo ndilo lililompa jina mtaa mzima wa Gikondo. Alitaka kuandika "Fundi wa Milango", maana kazi yake ilikuwa kuyawekea magari ya zamani sentro loki, yaani swichi moja ya kufunga milango yote, yale magari ambayo ukitaka kuyafunga lazima uzunguke mlango hadi mlango ukibonyeza kitufe cha kila mmoja kwa kidole. Lakini yeye, kama wengi wetu hapa Kigali, l na r zilimchanganya, na y ya Kinyarwanda ikajipenyeza, basi akapaka kwa rangi nyekundu: FUNDI WA MIRYANGO. Sasa kwa Kinyarwanda, umuryango, wingi wake imiryango, ni pale unapopita kuingia nyumbani, na umuryango huohuo ni familia. Mtu akipita na pikipiki akasoma harakaharaka, alielewa kwamba ndani ya kontena la buluu, karakana yake, kuna bingwa wa kutengeneza familia zilizoharibika.

Mimi nashona viti vya magari. Kibanda changu na kontena lake vilipakana, kiasi kwamba redio yake nilikuwa naisikiliza bila kununua betri. Miaka yote hiyo nilimwita Mzee, yeye akaniita Mama Viti, na kibao kile nilikuwa nakitazama kila siku nikinywa chai.

Siku moja wakaja mume na mke, wamenuna, kila mmoja anatazama upande wake. Nilikuwa nimetandaza nje kiti cha nyuma cha basi dogo, nakivua kitambaa. Fundi akatoka kwenye kontena akijifuta mikono.

"Gari iko wapi?" akauliza.

"Gari hatuna," mke akasema. "Tuko na shida ya nyumbani. Tumesoma pale kwa kibao."

Fundi akakitazama kibao chake kama vile kimeandikwa na mtu mwingine. Mtu mwenye haya angewaeleza kosa, wangecheka, wangekwenda zao. Yeye akasema, "Buretse," yaani ngojeni kidogo, akaingia ndani, akatoka amevaa shati safi. Akawakalisha kwenye kiti changu cha basi, mwenyewe akakaa juu ya ndoo mbele yao, akaanza kuwahoji kama anavyolihoji gari.

"Nani anafungaka wa kwanza?"

"Kufunga nini?"

"Mudomo. Mukigombana, nani anafunga mudomo wa kwanza?"

"Huyu," wakasema wote wawili kwa pamoja, kila mmoja akimwonyesha mwenzake.

"Ee. Basi shida iko hapo. Nyote muko nafunga, hakuna anafungua."

Sijui kama ilikuwa busara au bahati, ila wale watu waliondoka wanacheka. Huenda walikuwa wanamcheka yeye, lakini walimcheka pamoja, na hiyo si haba. Nilimwambia akirekebishe kibao. Akaniambia rangi nyekundu imekwisha. Uongo mtupu, kopo la rangi lilikuwa mlangoni pake, nililiona kwa macho yangu.

Na huyo fundi wa familia hakuwa na familia. Mke wake alifariki zamani, jambo nililolisikia kwa watu, si kwake. Alikaa chumba cha kupanga mlimani, juu kidogo ya vibanda vyetu, akajipikia maharage Jumapili na kuyapasha moto mpaka Jumatano. Ukimuuliza kwa nini haoi, alikuwa anainama chini ya dashibodi na kuanza kutafuta fyuzi ambayo haijapotea.

Kazini alikuwa mtu mwingine kabisa. Kufunga sentro loki kwenye gari lisilozaliwa nayo ni kazi ya kuvua milango nguo. Unafungua skrubu za mkono wa mlango, unang'oa ule ubao wa ndani, na nyuma yake unakuta vibanio vya plastiki, karatasi ya nailoni ya kuzuia maji, na fimbo nyembamba ya chuma inayoshuka kutoka kwenye kitufe. Kwenye fimbo hiyo unaunga mota ndogo, ndefu kama kidole cha shahada, nayo ndiyo itakayopandisha na kushusha kitufe badala ya mkono wako. Kisha unapitisha nyaya kwenye mpira ulio kati ya mlango na mwili wa gari. Ukikosea ukageuza nyaya mbili tu, milango mitatu inajifunga na wa nne unajifungua. Fundi alikuwa anauita mlango wa namna hiyo "mukaidi", na alikuwa anauzomea kwa jina hilo.

Vibanio alikuwa anaviweka mdomoni. Sanduku la vifaa lilikuwa karibu, mifuko minne ya ovaroli ilikuwa wazi, lakini yeye vibanio aliviweka mdomoni kama mshonaji anavyoweka pini, na maongezi yakaendelea hivyohivyo. Nusu ya mambo aliyowahi kuniambia sikuyaelewa kwa sababu hiyo. Na kabla ya kurudisha ubao wa mlango alijaribu swichi, akajaribu, akajaribu tena, "funga, fungua, funga, fungua," mpaka mteja akaanza kuikodolea macho betri yake kwa huruma.

"Kazi yangu hairudiake," alikuwa anasema. Na kweli, haikurudi. Gari likishatoka mikononi mwake ulikuwa hulioni tena, isipokuwa mwenyewe alete la ndugu yake.

Alikuwa na mambo yake ya kushangaza. Hakujua kuendesha gari. Alikuwa amekaa kwenye viti vya dereva vya nusu ya Kigali, lakini gari likitakiwa kusogezwa hatua tatu alikuwa ananiita mimi. Kontena lake mwenyewe halikuwa na kufuli. Jioni alifunga mlango kwa kipande cha mpira wa baiskeli, akaufunga kitanzi chepesi hata mbuzi angeufungua. Na hakupenda magari yanayolia ukibonyeza rimoti. "Gari si kuku," alisema, na ile sauti aliikata waya bila kumuuliza mwenyewe.

Halafu kulikuwa na Kiswahili chake. Alijivunia Kiswahili kupita kiasi, kwa sababu babu yake mmoja alikuwa mfanyabiashara aliyefika kutoka pwani. Kila mteja Mtanzania alikuwa anampokea kwa sauti kubwa, "Karibu, ndugu yangu ya rugha!" Na mimi nilikuwa nauma ulimi nisicheke. Kwenye mwezi wa Ramadhani tulikuwa tunamchokoza sana. "Mzee, umefunga?" "Nimefunga." "Umefunga nini, tumbo au milango?" Naye anajibu kwa uzito, "Byose," yaani vyote.

Neno hilohilo, kufunga, ndilo lililomletea Mama Vitenge.

Mama Vitenge alikuwa mjane wa kutoka Tanga, na alikuwa na duka la vitenge Kimisagara. Alikuwa na kigari cha zamani ambacho kilikuwa ndicho ghala lake la pili, majora ya vitenge yamejaa mpaka dirishani. Siku moja kwenye foleni, mtu alifungua mlango wa nyuma wa kulia, akachukua jora zima la kitenge cha harusi, akapotea nalo kwenye vichochoro, na yeye akiwa usukani asingeweza kuufikia mlango ule hata angekuwa na mikono ya twiga. Ndipo akaelekezwa Gikondo. Akafika asubuhi, ana haraka, amejifunga mtandio vizuri, akamwona fundi na ndevu zake nyeupe.

"Shikamoo, mzee wangu. Naomba unifungie milango yote minne. Nafika sokoni, mchana narudi."

"Hakuna matata, mama," fundi akasema.

Akapandisha vioo. Akazunguka gari, akabonyeza vitufe vinne kwa kidole, kimoja baada ya kingine. Akatia ufunguo mfukoni, akaleta ndoo yake, akakaa kulilinda gari mpaka mchana. Wateja wawili aliwafukuza, akiwaambia ameachiwa amana. Mimi nilidhani anangoja vifaa.

Mama Vitenge aliporudi akauliza, "Umemaliza, mzee?"

"Tangu asubuyi!"

"Mashaallah, una mkono mwepesi. Haya, swichi iko wapi?"

"Swichi gani?"

"Si nilikwambia unifungie milango?"

"Nimefunga. Angaria. Yote imefungwa, hata hewa haipiti."

Yule mama alimtazama, akalitazama gari, akanitazama mimi. Halafu akacheka kicheko ambacho sijakisikia tena kwa mtu mwingine, akajishika kwenye boneti, mtandio ukamwanguka begani. Fundi hakuelewa anachekwa nini, lakini akaanza kucheka naye. Nilimwona uso wake wakati ule. Nikasema moyoni, amekwisha huyu.

Walipomaliza kucheka, kazi ikafanywa kweli. Lakini jioni fundi alikuja kibandani kwangu ana mawazo.

"Mama Viti, shikamoo ni nini hasa?"

"Ni salamu ya heshima, Mzee. Mdogo anampa mkubwa."

"Mukubwa wa kazi?"

"Mkubwa wa umri."

Akajishika ndevu. "Kwa hiyo ameniona babu."

Kesho yake ndevu zilikuwa nyeusi ti, na shingo pia, kwa sababu rangi ilikuwa imetiririka. Nilishindwa kushona nusu siku kwa kicheko. Lakini yule mama, ambaye hakupishana naye sana kwa miaka, aliporudi hakusema shikamoo tena. Alisema, "Habari yako, fundi." Fundi alinikonyeza kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Nimesema aliporudi. Ndiyo, alirudi. Mlango wa nyuma wa kulia, uleule wa jora lililoibiwa, ulikuwa umegoma. Fundi akaona aibu mpaka masikio yakamcheza. Akaukagua, akakuta soketi ndogo ya nyaya, iliyokuwa ndani ya ule mpira kati ya mlango na gari, imechomoka. Akairudisha, akaomba radhi kwa lugha tatu. Baada ya wiki chache mama akaja tena, tatizo lilelile. Fundi akaifunga soketi kwa tepu nyeusi. Mama akarudi tena, tepu imebanduka. Fundi akawatukana wauza tepu wote wa Kigali. Akaweka tepu nyingine, na mara hii mama aliketi kwenye kiti changu akala chapati zake akimsimulia kuhusu Tanga, na fundi akasahau kabisa ana bisibisi mkononi.

Sasa mimi si mtoto. Nilichungulia soketi ile siku moja. Haikukatika, haikuoza, haikuchunwa na kitu. Ilikuwa imechomolewa taratibu, kwa vidole vya mtu anayejua anachofanya. Nikajua moja kwa moja: huyu mzee anailegeza makusudi ili yule mama arudi. Nikafurahi, kusema kweli. Nikaona amepata akili uzeeni.

"Mzee, ujanja wako nimeuona," nikamwambia. "Umefunga milango ya Kigali nzima. Ndoa utafunga lini? Maana soketi utailegeza mpaka kiyama."

Sikutegemea alivyokasirika. Aliweka chini kikombe.

"Mimi naweza kusema uongo," akasema. "Rangi iko, nikasema hakuna. Sawa. Lakini kufunga kazi mubaya, rwose, kabisa, haiwezekani. Hata kwa yeye. Hasa kwa yeye."

Hakuniongelesha siku nzima. Niliona anavyoigiza hasira vizuri, nikazidi kuamini kwamba ni mjanja.

Kwamba alimpenda, hilo hata wauza tairi wa ng'ambo ya barabara walilijua. Kwamba hawezi kulisema, hilo nalo lilijulikana. Mara moja tu alijaribu. Mama Vitenge alikuwa amesimama karibu, ameshika ubao wa mlango kumsaidia, na fundi amepiga magoti na vibanio mdomoni. Nilimsikia vizuri kabisa, kwa sababu miaka ile yote ilinifundisha lugha ya vibanio. Alisema, "Mama, mimi nakupenda."

"Unasemaje, fundi?" mama akauliza.

Akavitoa vibanio mdomoni, kimoja kimoja, akavipanga kiganjani.

"Nasema, hapa iko kutu."

Nilitaka kumpiga na mto wa kiti.

Kisha ikaja habari mbaya. Mama Vitenge alifika bila kicheko, akazima gari, akasema amechoka na biashara ya ugenini. Dada yake anamwita Tanga. Duka atalifunga mwisho wa mwezi, na gari ataliuza. "Kwa hiyo naomba, fundi, huu mlango uutengeneze uishe kabisa. Sitaki nimuuzie mtu kitu kibovu."

Alipokwenda dukani kwake na pikipiki, fundi aliuvua ule mlango pole pole mno. Nilimfuata.

"Mzee, sikia. Leo usiwe fundi. Acha soketi kama ilivyo. Ikichomoka, anayenunua atagoma, na mama atabaki. Au sema naye! Mwambie neno moja, leo, kabla hajaondoka."

"Amesema anataka iishe."

"Amesema, ndiyo, lakini wewe unataka nini?"

Akaitoa ile soketi, akaitupa. Akazichuna nyaya, akazisokota pamoja, akawasha chuma chake cha kulehemu na kuyeyusha risasi juu ya kila kiungo mpaka ikang'aa. Akavalisha mpira mwembamba juu yake, akaupasha moto ukabana. Hata tembo asingeweza kuzing'oa. Mikono yake haikutetemeka hata kidogo, na nilimchukia kwa hilo, nikamhurumia pia, mpaka nikarudi kushona nikiwa sioni sindano vizuri.

Mama aliporudi alibonyeza swichi. Milango minne ikaitika kwa pamoja, tak. Akabonyeza tena, tak. Akatoka, akazunguka mpaka mlango wa nyuma wa kulia, akaugusa ule mpira.

"Imeisha?"

"Imeisha, mama. Hairudi tena."

"Haya," akasema. "Ahsante, fundi." Akaondoka, na fundi akachukua ufagio akafagia mahali ambapo palikuwa pasafi.

Siku hiyohiyo mdogo wangu alijifungua Rwamagana, nikaenda kumwuguza, nikakaa huko kuliko nilivyopanga. Niliporudi Gikondo, kontena la buluu lilikuwa na mtu mwingine anayeuza vioo. Kibao hakikuwepo. Majirani walisema mzee aliaga, hakusema anakwenda wapi. Simu yake, ambayo hata zamani alikuwa anaiwasha akikumbuka, haikupatikana. Niliumia. Niliwaza amerudi kwao kijijini kufa kwa ukimya wake, na nikawa nawakasirikia wote wawili kila nikisikia mlango wa gari.

Mwaka huu mteja mmoja aliniita Kinyinya nikapime viti vya gari lake la kubebea mchanga. Huko kila kona watu wanajenga, vumbi tupu, nikapotea njia kati ya nyumba mpya zisizo na rangi. Nikapita kwenye ua mmoja wenye lango wazi na kuona kigari ninachokijua. Pembeni yake mwanamume mwenye ndevu nyeupe, nyeupe kabisa bila rangi, alikuwa anaanika kanga kwenye kamba, na vibanio vya nguo vilikuwa mdomoni.

"Mzee!"

Akageuka. Akatema vibanio vyote chini. "Mama Viti! Yampayinka!" akashangaa. "Karibu, karibu!"

"Ni nani huyo?" sauti ikauliza kutoka ndani.

"Ni mugeni wetu," akasema, akiinama kuokota vibanio.

Mama Vitenge akatoka na birika. Nikampa shikamoo, akaitika, akanikalisha kivulini, akamimina chai ya tangawizi. Duka lake alikuwa amelihamishia hapohapo Kinyinya. Nikamuuliza, "Na Tanga, mama?"

"Tanga ipo, mwanangu. Haijaenda popote. Tulikwenda kuoana huko, tukarudi."

Nikamgeukia fundi. "Kwa hiyo ulimwambia! Mwishowe ulifungua mdomo!"

"Oya, hapana," akasema fundi, anatazama kanga zake. "Mimi sikusema kitu."

"Huyu aseme?" Mama Vitenge akacheka kile kicheko chake. "Alisema mara moja, mdomo umejaa vibanio. Nilimsikia. Nikangoja avitoe arudie vizuri. Akavitoa, akaniambia kutu."

"Sasa ikawaje?"

"Asubuhi baada ya ile kazi ya mwisho nilitoka mapema kwenda kwenye gari. Nikaubenua ule mpira wa mlango, kama kawaida yangu, nikatia kidole. Soketi haipo."

"Kama kawaida yako?" nikasema.

"Nikaendesha moja kwa moja mpaka Gikondo. Wewe hukuwepo. Nikamkuta anawasha jiko. Nikamwambia, fundi, soketi umeitoa, nyaya umezilehemu. Haya niambie, sasa nikitaka kukuona, niharibu nini?"